Gitaa Jipya Lenye Makovu

Mkipekua picha za magitaa ya umeme kwenye simu, wanangu, hamtachelewa kukutana na jambo la kushangaza. Magitaa mawili yamepigwa picha pamoja. Yametoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja, yana umbo moja na rangi moja. La kwanza linameta hata uso wako ungeuona ndani yake. La pili limebanduka rangi pale mkono unapolalia, limekwaruzika mgongoni, vyuma vyake vimefubaa na vingine vimeshika kutu. Wala hakuna mtu aliyewahi kulipiga jukwaani. Ni jipya kabisa. Na ukisoma bei, hilo lililochubuka ndilo ghali.

Binti mmoja anayepiga besi katika bendi ya kanisa hapa Garsen ndiye aliyenionyesha picha za namna hiyo. Bendi yao inachanga pesa za gitaa la solo, na kila anayechanga ana neno lake. "Mzee," akaniuliza, "mbona mtu alipe zaidi kwa kitu kilichokwisha haribika?" Swali hilo linastahili jibu kamili, na jibu lake linaanzia mbali na Mto Tana.

Gitaa la kawaida, lile lisilo na umeme, ni sanduku. Sauti yake hukua tumboni, ndani ya uwazi, na ndiyo sababu mbao zake ni nyembamba na hupasuka upesi kwa joto na unyevu. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini ilitengeneza magitaa yaliyoitwa Gallotone, na ndani ya tumbo ilibandika karatasi iliyoahidi kwamba hayatapasuka. John Lennon wa Liverpool alikuwa na moja la namna hiyo mwaka 1957, kabla dunia haijamjua. Gitaa la umeme liliikwepa shida hiyo kwa kuachana na tumbo. Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alianza kuuza gitaa la ubao mtupu mwaka 1950, na mwaka 1954 akaleta lile lenye mabega yaliyochongoka mnalolijua wote kwa sura, Stratocaster. Kiwiliwili chake ni ubao wa unene wa milimita 45 hivi. Chini ya nyuzi za chuma kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba mara maelfu. Uzi ukitetemeka juu ya sumaku, umeme mdogo sana huzaliwa ndani ya waya, ukapita kwenye kebo hadi kwenye amplifaya, na huko ndiko unakogeuka sauti. Fender mwenyewe hakujua kupiga gitaa. Aliwasikiliza wapigaji, akarekebisha, akawasikiliza tena.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo kisa chetu kilipo. Miaka hiyo magitaa yalipakwa rangi zilezile za magari, kwa kompresa, kazi ambayo mnaweza kuitazama kwenye gereji yoyote. Vanishi iliyotumika ilikuwa ya nitroselulosi. Hukauka kwa kimiminika chake kupaa hewani, unabaki utando mwembamba, na utando huo haumalizi kusinyaa hata baada ya miaka mingi. Jua huugeuza manjano. Jasho huulainisha. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Fender ikahamia poliesta, ambayo ni nene na ngumu kama ganda. Gitaa la poliesta halizeeki kwa utaratibu. Likigongwa, linamenyuka kipande.

Mkibahatika kushika gitaa la nitroselulosi lililopigwa kweli kwa miaka thelathini au arobaini, liangalieni polepole. Pale juu ya kiwiliwili, mkono wa kulia unapolalia, rangi imeisha kwa ngazi: kwanza mng'ao umekufa, kisha rangi imekuwa nyepesi, kisha yanatokea matabaka ya chini, na katikati kabisa ni mti mkavu uliogeuka kijivu kwa jasho na vumbi. Ukingo wa kila tabaka ni laini, hauna pembe, kwa sababu hakuna aliyeukata. Nyama ya mkono ndiyo iliyousugua. Geuzeni mgongo mtaona mikwaruzo mifupi imekusanyika mahali pamoja, kazi ya bizimu ya mshipi. Shingoni, nyuma, vanishi imepotea pale kidole gumba kinapopita, na ubao unateleza kama umepakwa unga. Kingo za shingo, zilizokuwa kali siku gitaa lilipotoka kiwandani, zimeviringika. Kila alama ina sababu, na sababu hizo zinaelewana. Gitaa likiwa limechakaa pale mkono unapolalia lakini shingo haijaguswa, jueni kuna uongo mahali fulani.

Mfano unaojulikana zaidi duniani ni gitaa la Rory Gallagher wa Ireland. Alinunua Stratocaster ya mwaka 1961 huko Cork mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 15, kwa pauni 100, pesa ambazo hakuwa nazo. Alilipa kwa mkopo. Akalipiga hadi alipofariki mwaka 1995. Jasho lake lilikuwa kali kiasi kwamba rangi karibu yote iliondoka, ukabaki mti. Mwaka 1997 Fender ilitengeneza nakala zake, kovu kwa kovu, na watu wakazinunua. Lile lenyewe liliuzwa mnadani London mwaka 2024, na likatolewa kwa Makumbusho ya Taifa ya Ireland.

Kwetu pwani, jina la kuanzia ni Fundi Konde, mzaliwa wa Kilifi wa mwaka 1924, aliyewatumbuiza askari wakati wa Vita vya Pili vya Dunia na baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Hali ya vyombo Afrika Mashariki ilikuwa tofauti na ya Rory. Wapigaji wengi wa bendi za dansi hawakuwa na magitaa yao wenyewe. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, au vya shirika, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mpigaji akihama, gitaa linabaki, na mkono mwingine unaendelea kulichakaza pale pale. Nyuzi zikikosekana, wapo waliofumua waya wa breki ya baiskeli. Magitaa ya namna hiyo yalikuwa na historia kubwa kuliko mengi yaliyo makumbushoni leo, na mengi yamepotea bila hata kupigwa picha. Linaniuma hilo.

Basi ilikuwaje viwanda vikaanza kuuza uchakavu? Kufikia miaka ya 1990, magitaa ya Fender, na ya kampuni nyingine iitwayo Gibson, ya miaka ya 1950 yalikuwa yamepanda bei hadi wanamuziki wa kawaida hawayagusi tena. Wenye nayo waliogopa kusafiri nayo. Mwaka 1987 Fender ilikuwa imefungua karakana ya kazi za mikono inayoitwa Custom Shop, na mwaka 1995 karakana hiyo ikaleta magitaa mapya yaliyozeeshwa, ikayaita Relic. Aliyeyazeesha ni Vince Cunetto wa jimbo la Missouri. Mawili ya kwanza yalipelekwa kwenye maonyesho ya biashara ya muziki, na husimuliwa kwamba wengi waliopita walidhani ni ya zamani kweli, yamewekwa kupamba kibanda. Walipoambiwa ni mapya, wakaanza kuagiza. Mwaka 2009 Fender ikatoa mfululizo wa Road Worn kutoka kiwanda chake cha Mexico, wa bei nafuu kidogo. Gibson nayo ikafungua karakana ya Murphy Lab mwaka 2021, kwa jina la fundi Tom Murphy.

Kazi yenyewe ni ya subira. Fundi hupaka nitroselulosi nyembamba, akaiacha ikauke. Hulipoza gitaa kwa baridi kali kisha akalipasha joto ghafla. Mti na vanishi havisinyai wala havitanuki kwa kasi moja, kwa hiyo vanishi hupasuka nyufa nyembamba kama nywele. Tom Murphy alijulikana kwa kuzichora nyufa hizo kwa wembe, mstari mmoja mmoja. Kisha fundi huchukua msasa na kusugua pale mkono unapolala, akijaribu kuigiza ile ngazi niliyowaeleza. Mgongoni hugonga kwa vyuma vidogo kuigiza bizimu. Skrubu na daraja la nyuzi hufungiwa na mvuke wa asidi hadi ving'aavyo vife. Plastiki nyeupe hutiwa rangi ya chai. Shingo husuguliwa kingo, na vanishi ya nyuma hupunguzwa. Gitaa moja hula saa nyingi za mikono ya mtu anayejua kazi, na mnunuzi analipia saa hizo. Kwa Custom Shop bei huzidi dola 4,000, yaani zaidi ya shilingi nusu milioni za Kenya. Hapa Garsen hizo ni ng'ombe wengi.

Hapo ndipo ninapowaomba mfikiri pamoja nami. Zile nyufa nyembamba za vanishi, zinazopendwa kuliko alama zote, zinatokana na nini? Mara nyingi zinatokana na gitaa kulala ndani ya gari usiku wa theluji, asubuhi likaingizwa kwenye ukumbi wenye moto, likafunguliwa sandukuni kabla halijapata joto taratibu. Ni makovu ya majira ya baridi. Hapa Garsen baridi ya namna hiyo haifiki. Gitaa likikaa miaka hamsini kati ya Minjila na Kipini si rahisi lipate nyufa hizo. Litapata mengine: kutu kwenye skrubu za daraja, chumvi ya jasho kwenye freti (vile vyuma vilivyopita mkingamo shingoni), vumbi ndani ya vinobu hadi sauti ikwaruze ukivizungusha, rangi iliyopauka upande ulioelekea dirishani. Tazameni mtumbwi wa zamani ukivutwa ukingoni mwa Tana. Umelainika pale mpiga kasia anapokaa na pale pondo linapoegemea ukingo, na mtu wa mtoni akiutazama anajua mwenye mtumbwi alikuwa akisimama upande gani. Uchakavu ni habari ya mahali na ya mtu. Ukinunua gitaa lililozeeshwa kiwandani, umenunua habari ya mtu asiyekuwapo, katika nchi yenye theluji.

Sisemi ni wizi. Kiwanda kinasema wazi kwamba gitaa ni jipya, na Custom Shop huweka nembo yake nyuma ya kichwa cha gitaa. Wizi huanza pale mtu wa kati anapolifuta hilo na kukuuzia kama la mwaka 1962.

Sisi wa Tana River tuna kisa chetu cha kale na kipya, na kila mwanafunzi anakiimba bila kukijua. Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru mwaka 1963, wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, walipewa kazi ya kutengeneza wimbo wa taifa. Lahani waliipata kwa mzee wa Kipokomo, Meza Moroa Galana. Ilikuwa ya wimbo wa mama kumbembeleza mtoto. Wakaipanga kwa sauti za kwaya na ala za bendi, nayo imekuwa ya taifa zima. Walichukua kitu cha kale kweli wakakivika nguo mpya. Kiwanda cha magitaa kinachukua kipya na kukivika kuukuu. Yote mawili yanakubalika mradi asili itajwe, na kwa upande wetu naona jina la mzee Galana halitajwi shuleni kiasi kinachomstahili.

Turudi kwenye pesa za bendi. Binti aliniuliza swali la pili: je, lililochubuka linalia vizuri zaidi? Wauzaji husema vanishi nyembamba huacha mti upumue. Katika gitaa la ubao mtupu, sauti inayofika kwenye amplifaya inatokana na nyuzi, sumaku na mkono wa mpigaji, kisha amplifaya yenyewe. Rangi iliyobanduliwa kwa msasa haiongezi kitu ambacho msikilizaji wa ibada au wa harusi atakisikia. Msilipie hiyo.

Ila kuna sehemu moja ya uzeeshaji ninayoiheshimu, nayo ni shingo. Katika joto letu kiganja hutoka jasho, na shingo yenye vanishi nene inayometa hunata. Mkono unakwama katikati ya wimbo. Shingo iliyosuguliwa nyuma na kuviringishwa kingo inateleza tangu siku ya kwanza, na kwa mtu anayepiga saa tatu mfululizo hiyo ni nafuu kubwa. Habari njema ni kwamba hamhitaji nusu milioni kuipata. Nunueni gitaa la kawaida lenye shingo isiyometa, au mkishalinunua, fundi mwenye mkono mtulivu aondoe mng'ao wa nyuma ya shingo kwa msasa laini kabisa. Aondoe mng'ao tu, asifike kwenye mti, maana mti ulio wazi hunywa unyevu wa delta na kupinda.

Kuna faida nyingine ya gitaa lenye makovu, na hii ni ya moyoni. Gitaa linalong'aa hutisha. Mpigaji anaogopa kuliinua, anaogopa kulipitisha mlangoni, na katika bendi inayomiliki chombo kwa pamoja kovu la kwanza huleta ugomvi: nani alilishika mwisho? Lililokwisha chubuka halina cha kupoteza. Naielewa hoja hiyo, na mwenye pesa zake akilinunua kwa sababu hiyo simlaumu. Bendi inayochanga, hata hivyo, imalize hofu hiyo kwa maneno. Kubalianeni kabla ya kununua kwamba litakwaruzika, na kwamba hakuna atakayetozwa kwa hilo.

Dukani, msianze na rangi. Shikeni gitaa kama bunduki inayolengwa, mtazame shingo kutoka kichwani kuelekea daraja. Iwe imenyooka, au imejikunja kidogo tu mbele. Ndani ya shingo kuna fimbo ya chuma inayopingana na nyuzi, ambazo kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kilo 40 hivi. Ulizeni kama ufunguo wa kukazia fimbo hiyo upo, na uzunguke bila kukwama, kwa sababu kati ya kiangazi na masika mtauhitaji. Kisha pigeni kila uzi kwenye kila freti, mojamoja, bila haraka hata mwenye duka akichoka. Penye mkwaruzo pana freti iliyoinuka. Bonyezeni uzi kwenye freti ya 12 mkilinganisha na uzi mtupu kwa programu ya kupimia sauti kwenye simu. Iwe noti ileile, juu kwa oktavu moja. Unganisheni kebo, mzungushe vinobu vyote, mtikise kebo kidogo pale inapoingia. Mwisho fumbeni macho, mpitishe kiganja shingoni kwenda na kurudi. Freti zikikuna ngozi, mti umekauka ukajivuta. Rudisheni gitaa hilo ukutani hata kama rangi yake imewateka.

Gitaa zuri la kuanzia hupatikana kwa makumi machache ya maelfu ya shilingi. Pesa itakayobaki iende kwenye amplifaya yenye nguvu ya kutosha ukumbi wenu, na kwenye mfuko mnene wa kulibebea. Msilitegemeze ukutani wala kuliweka sakafuni, mchwa wetu mnawajua. Litundikeni juu, mbali na dirisha, na juu kwelikweli: waliokuwa hapa mafuriko ya 1997 na 1998, na tena ya 2023, wanajua maji yanafika wapi. Kila mkimaliza kupiga, futeni nyuzi na daraja kwa kitambaa kikavu cha pamba, chini ya nyuzi pia, maana ndipo jasho linapojificha.

Nyuzi zenyewe nunueni seti tatu siku hiyohiyo, za unene uleule wa zile gitaa lilizokuja nazo kutoka dukani. Maji yalipoikata barabara ya Garsen na Lamu, hata vitu vya lazima zaidi vilikwama njiani, na duka la karibu la nyuzi kwetu ni safari ya basi hadi Malindi au Mombasa. Seti mbili zikae ndani ya karatasi zake, kwenye kopo linalofunga sawasawa, na aliyekabidhiwa kopo hilo ajulikane kwa bendi nzima.